Deni la Mabruki na Pembe ya Babu

Mabruki wa Lugembe alikuwa fundi magodoro, na katika mji wote wa Tabora hakuna mtu aliyelala vibaya kumshinda. Magodoro yake yalijulikana mpaka Urambo: pamba ya Igunga iliyochambuliwa kwa mkono, isiyo na bonge wala kokwa, kitambaa cha mistari, mshono wa kukaza ambao hata mtoto mtundu hakuufumua. Wenye pesa walilala juu ya kazi yake wakakoroma. Yeye mwenyewe, na mkewe Zamda, na watoto sita, walilala mkekani, kwa sababu kila godoro alilojishonea lilipata mnunuzi kabla uzi wa mwisho haujakatwa. Mfinyanzi hulia gaeni, tumeambiwa. Huyu wetu alilia kwa sababu pesa za magodoro yote zilijua njia moja tu, nayo ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye kadi ya Twalibu.

Miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, mtu wa mtaa wetu wa Kanyenye mwenye heshima zake alikuwa na kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chama, aliyoitunza sandukuni na kuitoa siku za mkutano. Ya pili ilikuwa ya Twalibu, na hiyo hakuitunza mwenyewe. Ilining'inia kwa uzi kwenye msumari, nyuma ya mizani ya duka, mbele ya macho ya kila mpita njia. Twalibu alizikata kadi zake kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Ukifika huna pesa unataja jina, anaishusha kadi yako, anachora mistari na vidoti ambavyo yeye peke yake alivijua, unaondoka na sukari. Sukari ya pesa mkononi ilikuwa na bei yake. Sukari ya kadi ilikuwa na bei hiyo na senti kumi juu. Twalibu alikuwa mcha Mungu, asingethubutu kuiita riba. Aliiita ahsante.

Tena kila Ijumaa baada ya sala ilikupasa upeleke shilingi mbili za kuiamsha kadi. Kadi ikishaamka, ulikuwa huru kukopa upya jioni ile ile. Mabruki aliiamsha yake kwa miaka minane bila kukosa Ijumaa hata moja, na kwa miaka minane deni lilikaa palepale, limenenepa kidogo.

Lilianza usiku wa Uhuru wenyewe. Watu walikuwa wakiimba barabarani, na Mabruki, aliyekuwa na moyo mkubwa kuliko mfuko, akachukua kwa Twalibu mchele na samli na nyama ya mbuzi mzima, akalisha mtaa. Uhuru ulikuwa wa wote, lakini mchele asubuhi ulikuwa wake peke yake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Watu huusema msemo huo kwa kuonya. Mabruki alikuja kuufuata neno kwa neno, kama tutakavyoona.

Sasa, mtu mwingine angedaiwa hivyo angeona haya. Mabruki hakuona, kwa sababu Twalibu alikuwa Mzaramo, mtu wa Kisarawe aliyekuja bara kwa treni akiwa kijana, akaoa Mzaramo mwenzake, akafungua duka. Na Mabruki alikuwa Mnyamwezi. Babu zao walijuana njiani, enzi za misafara, Wanyamwezi wakishuka pwani na mizigo kichwani, wakipita Uzaramo wakiomba maji na moto. Huko ndiko ulikozaliwa utani wao. Mtani hukutukana usikasirike, huchukua kitu chako usimshitaki, na msibani kwako ndiye anayekuja kuchekesha wakati wenzake wanalia.

"Wee mpagazi!" Twalibu alikuwa akimwita toka ng'ambo ya barabara. "Njoo uitazame kadi yako. Imelemea mpaka msumari unainama."

"Kata kwenye pembe," Mabruki alimjibu, bila kuinua macho kwenye sindano.

Pembe hiyo ilikuwa ya ndovu. Mabruki alidai kwamba babu yake, mpagazi, aliugua homa huko Uzaramo akamwachia babu yake Twalibu pembe nzima amtunzie, na hakuiona tena. Ilikuwa hadithi ya uongo, kila mtu alijua ni ya uongo, na hapo ndipo ulipokuwa utamu wake. Sukari? Kata kwenye pembe. Mafuta ya taa? Kata kwenye pembe. Khanga za Zamda za Idi, doti mbili kwa mkupuo? Kata kwenye pembe, na chenji unirudishie.

"Pembe ilikwisha," Twalibu alisema. "Babu yako alikunywa uji mwingi alipopona." Akachora mistari yake, akacheka, akampimia sukari. Watu wa barazani walicheka pia, wengi wao wakiwa na kadi zao ukutani na bila babu wa kuwasaidia.

Hivyo Mabruki alikopa kwa kadi na kulipa kwa maneno. Lakini usimwone mwenzio anacheka ukadhani hana hofu. Lilikuwapo jambo moja lililomtisha, na hakumwambia mtu isipokuwa Zamda. Alikuwa amehudhuria maziko ya jirani yake, mwashi, na kabla ya jeneza kuinuliwa sheikh aliuliza, kama ilivyo ada, nani anamdai marehemu. Muuza nyama mmoja akasimama, akataja shilingi tano za nyama. Mjane akafungua fundo la khanga mbele ya mji mzima, akatoa sarafu moja moja. Sheikh akawakumbusha waliokuwapo kwamba roho ya Muislamu hutundikwa kwa deni lake mpaka alipiwe. Mabruki aliiwaza roho yake imetundikwa kwa uzi kwenye msumari, nyuma ya mizani, mvua na jua. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: siku yake ikifika, sheikh aulize, na pawe kimya.

Ndipo likaja Azimio, na kila mkutano ukawa wa kujitegemea. Mabruki aliwasikiliza wasemaji kwa makini kuliko wasemaji walivyojisikiliza. Alirudi nyumbani, akakaa mkekani, akatangaza kwamba kuanzia leo nyumba hii inajitegemea.

"Tunajitegemea na nini, Baba Amne?" Zamda aliuliza.

"Chai bila sukari."

"Na wageni?"

"Wageni waambiwe daktari kakataza. Sukari inaoza meno."

Zamda alimtazama mumewe, ambaye meno yake mawili ya mbele yalikwisha ng'oka siku nyingi, akaenda kuinjika chai kwa heshima. Chai ikanywewa kavu. Lakini matumizi ya nyumba hayasikilizi hotuba. Wiki ya kwanza shule ikataka sare. Wiki ya pili paa likavuja juu ya pamba ya watu. Wiki ya tatu akafika mpwa wake kutoka Usinge na debe la asali, akisema amekuja kusalimia tu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mabruki alimpa jembe, lakini nyumba za Kanyenye hazina shamba, kwa hiyo kijana alilisimamisha jembe mlangoni akaendelea kusalimia mpaka masika. Asali ikaisha katika chai. Kujitegemea kule kukaongeza mistari mingine kwenye kadi.

Mwaka wa sitini na tisa, Zamda mwenyewe akatoa shauri. "Hapa Tabora kila anayetaka godoro analo au anataka kukopa," akasema. "Nenda Urambo msimu wa tumbaku. Huko watu wana pesa miezi miwili kwa mwaka, na miezi hiyo hawana akili."

Akaenda. Alikaa Urambo msimu mzima, kando ya kituo cha kununulia tumbaku, Zamda akibaki kuiamsha kadi kila Ijumaa. Mkulima akitoka na malipo yake, wa kwanza kuonana naye alikuwa Mabruki na kitambaa cha mistari begani. Alishona mchana, alikula muhogo wa kuchoma, alilala juu ya marobota ya pamba ya watu wengine, na kila noti aliyoipata aliishonea ndani ya mto wake. Kwa mara ya kwanza maishani alilala pazuri, na hakupata usingizi kwa kuogopa wezi.

Alirudi kwa treni siku ya Jumatano, mto kwapani, amekonda kama sindano. Ndani ya mto mlikuwa na deni lote, shilingi mia na arobaini, na ahsante yake. Zamda akampokea, akaubonyeza mto, akalia kwa furaha.

"Mpelekee sasa hivi," akasema. "Duka bado liko wazi."

Hapo Mabruki akafanya kosa ambalo mtu asiye na mtani hawezi kulifanya. Kulipa tu, kimya kimya, jioni, kama Mhindi anayelipa kodi? Miaka minane ya utani iishe hivyo? Hapana. Angengoja Ijumaa baada ya sala, baraza limejaa, Twalibu ameshaanza kuita mpagazi, mpagazi. Angemwacha aite. Kisha angesema, "Kata kwenye pembe," na watu wangecheka, na hapo ndipo angemwaga noti juu ya mizani. Aliutaka ule uso wa Twalibu. Alicheka peke yake mkekani akiufikiria. Alhamisi alipita mbele ya duka mara tatu makusudi, na Twalibu akamwita mpagazi mara tatu, na mara zote tatu akajibu kama kawaida.

Alfajiri ya Ijumaa Twalibu alianguka akitawadha, na jua lilipochomoza alikuwa maiti.

Watu walijaa mpaka barabarani. Watani walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao: mama mmoja wa Kinyamwezi, amejifunga kibwebwe, alikuwa amekaa kwenye mizani ya duka akidai apimwe yeye na mazishi yaahirishwe. Mabruki alisimama pembeni, mto kwapani. Hakutania. Alikuwa na uchungu mkali, maana alimpenda Twalibu, na jambo hilo hakuwa amelijua vizuri mpaka asubuhi ile.

Nassibu, mtoto wa marehemu, mfanyakazi wa reli asiyejua la duka wala la kadi, akasimama na sheikh kando yake. Sheikh akasema: kama kuna anayemdai marehemu, aseme. Na kama kuna anayedaiwa na marehemu, amche Mungu, aseme pia.

Waliokuwa na kadi zao ukutani wakayatazama mavidole ya miguu yao. Mistari na vidoti aliijua mwenyewe tu, naye alikuwa ndani ya sanda. Pakawa kimya kirefu, kimya kile kile ambacho Mabruki alikiombea maziko yake.

"Mimi," akasema Mabruki. "Nadaiwa na marehemu shilingi mia na arobaini. Hizi hapa."

Watu wakageuka. Kisha sauti moja ikapaa kutoka nyuma: "Kata kwenye pembe!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Vizee walishikana mabega. Hata sheikh aliinamisha kilemba.

"Jamani, si utani," akasema Mabruki.

Wakazidi.

"Wallahi nadaiwa!"

"Mnyamwezi anaapa!" mtu akapiga kelele. "Leo Mzaramo kafa kweli!"

Mabruki akaanza kuchana mto kwa meno ili awaonyeshe pesa, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, yakilowesha pamba. Wenye kujua utani walisema baadaye kwamba tangu kuanza mji wa Tabora hajapata kutokea mtani aliyelia vizuri namna ile. Nassibu, aliyekuwa hajafumbua mdomo tangu alfajiri, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafanya kama mfiwa mstaarabu anavyomfanyia mtani ili maiti apite: akatoa shilingi kumi, akaagiza kuku mwekundu akamatwe uani.

"Pokea, mtani," akasema, akipangusa macho. "Utuachie baba yetu tukamzike."

"Sitaki!" Mabruki akasema.

Kwa mtani, sitaki maana yake ongeza. Nassibu akaongeza shilingi tano. Jeneza likainuliwa.

Zamda alimwona mumewe anaingia, mto umechanika, kuku kwapani.

"Ulikwenda kulipa deni," akasema taratibu, "ukarudi na kuku?"

"Na shilingi kumi na tano."

Wakakaa. Kuku yule alikuwa ameshikwa siku ya huzuni, hakuna aliyekuwa na moyo wa kupika kitu kingine, na watoto walikuwa sita. Akachinjwa. Usiku Zamda akazipanga noti juu ya mkeka, akazitazama kama mama anavyomtazama mtoto wa kuazima.

"Baba Amne," akasema, "mji mzima umeshuhudia kwamba hudaiwi. Sheikh ameshuhudia. Nani atasimama siku yako? Paa linavuja. Amne anaolewa mwaka huu, Mungu akipenda. Mwenye kuijua kadi amekwenda nayo."

Kila neno lilikuwa la kweli. Mabruki alikuwa amepata alichokitamani, kimya cha siku yake, tena bure, na kuku juu. Alitakiwa afurahi. Siku tatu za matanga aliketi barazani kwa Twalibu, akautazama msumari nyuma ya mizani, na kila aliyepita alimpiga bega akimwambia, wewe bwana utatuua. Siku ya nne alishona upya mto, akaenda nao.

Mwanahawa, mjane wa Twalibu, alikuwa eda, na eda haionani na wanaume. Mabruki akakaa nje ya pazia, bibi mmoja mzee wa nyumba akakaa mlangoni kulinda adabu. Akausukuma mto chini ya pazia.

"Mtani," akasema, "pole na msiba. Chana mshono wa pembeni. Ni deni la marehemu, na ahsante yake, na zile kumi na tano za Nassibu."

Akasikia uzi unakatika. Akasikia noti zinahesabiwa, pole pole, mara mbili.

"Kumbe ulikuwa unadaiwa kweli," sauti ya Mwanahawa ikasema.

"Kweli, mtani."

"Na siku ile hukuja kutania."

"Sikuja kutania. Nilisema, nikaapa, hamkusikia."

"Basi pesa nimepokea. Nina arobaini ya marehemu mbele yangu na watu wa kulisha, siwezi kujifanya tajiri. Sasa kuku wangu yuko wapi?"

"Kuku?"

"Yule mwekundu, mtetea wangu. Alipewa mtani aliyekuja kututania. Wewe umeapa hukutania. Basi umemlia nini kuku wa utani?"

Mabruki akavua kofia. "Tumemla," akasema.

"Wote?"

"Na supu."

Nyuma ya pazia Mwanahawa akacheka. Alicheka kwa kelele, bibi mlangoni akimkemea kwamba ni eda, ni eda, na yeye akashindwa kujizuia, mpaka kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa ambacho hakuwa amekitoa siku ya maziko kwa sababu nyumba ilikuwa na watu. Mabruki alikaa kofia mkononi, akamngoja amalize. Naye alilia.

"Una deni, mpagazi," Mwanahawa akasema mwishowe. Lilikuwa neno la mumewe.

"Kata kwenye pembe," Mabruki akajibu.

Kuanzia hapo alidaiwa kuku. Eda ilipokwisha, kila Ijumaa Mwanahawa alipita barazani kwake akidai. Vilipoanzishwa vijiji, Mabruki alimjibu kwamba kuku ameingia ujamaa, sasa ni wa kijiji, akamwone katibu. Duka la Twalibu likafungwa, likaja la ushirika, lisilo na kadi wala sukari. Akamwambia kuku yuko kwenye foleni. Mwaka wa vita alisema kuku amekwenda Uganda na jeshi, asubiriwe. Na wala si kwamba alikosa kuku. Mara mbili Zamda alimfunga mtetea miguu, mwekundu, mnono, akasema mpelekee mwenzio, unajua unavyoogopa kudaiwa. Mara mbili Mabruki alimfungua akamrudisha uani.

Alifariki mwaka wa themanini na mbili, juu ya godoro, la kwanza alilowahi kulimaliza kwa ajili yake mwenyewe. Watu walijaa. Sheikh alikuwa mwingine, kijana, na hakujua mengi. Akauliza: kuna anayemdai marehemu?

Pakawa kimya.

Kisha kutoka uani, katikati ya wanawake, ikasikika sauti ya bibi kizee. "Mimi. Namdai kuku."

Watu wakacheka, maana walimjua ni Mzaramo. Mtoto mkubwa wa kiume wa Mabruki, aliyefunzwa adabu za utani, akatoa noti mfukoni, akaingia uani ampe mtani ili maiti apite. Mwanahawa akausukuma mkono wake.

"Sitaki pesa yako," akasema. "Wala sitaki kuku. Nataka aje mwenyewe aniambie hana."

Wakacheka tena, wakasema huyu bibi anajua kutania. Kisha wakainua jeneza.